Ukoo na Ardhi ya Askofu William wa Wykeham: Uhakiki wa Njia za Wachunguzi Wake

Utangulizi

Mtume Paulo anamwonya Timotheo juu ya nasaba zisizokoma, ambazo huzaa mabishano kuliko kuijenga imani (1 Tim. 1:4). Lakini Maandiko hayo hayo yanalianza Agano Jipya kwa orodha ya vizazi, na Ezra anasimulia habari za makuhani waliotafuta majina yao katika orodha za ukoo, wasiyaone, wakaondolewa katika huduma (Ezra 2:61-62). Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuchunguza ukoo wa mtumishi wa Mungu ni kazi ya bure, wala hatuwezi kusema kwamba ni kazi njema daima. Yategemea ni nani anayechunguza, anatafuta nini, na nani atakayefaidika akikipata.

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki kazi ya wale waliochunguza ukoo na ardhi ya askofu mmoja wa Uingereza wa zama za kati, William wa Wykeham, aliyekuwa Askofu wa Winchester tangu mwaka 1367 hadi alipofariki mwaka 1404. Tumemchagua yeye kwa sababu tatu. Kwanza, habari zake zimehifadhiwa vizuri kuliko za maaskofu wengi wa wakati wake. Pili, watu wameugombania ukoo wake kwa karne nyingi, hata baada ya Matengenezo ya Kanisa. Tatu, ndani ya habari hizo limo swali ambalo kila mchungaji na kila askofu, wa kanisa lo lote, atatakiwa kulijibu: katika vitu utakavyoviacha, kipi ni cha kanisa, kipi ni chako, na mpaka wa kati umeuweka wapi?

1. Mtu mwenyewe

William alizaliwa mwaka 1324 katika kijiji cha Wickham, wilaya ya Hampshire, kusini mwa Uingereza. Wazazi wake, John na Sybil, hawakuwa watu wa cheo. Yeye mwenyewe hakusoma chuo kikuu, jambo la kukumbukwa kwa mtu aliyekuja kujenga vyuo. Alipanda kwa njia ya utumishi wa mfalme. Mwaka 1356 Edward III alimweka kuwa msimamizi wa ujenzi katika ngome ya Windsor, na tangu hapo cheo kilifuata cheo.

Kwa desturi ya wakati ule mfalme aliwalipa makarani wake kwa mapato ya kanisa zaidi kuliko kwa fedha za hazina. Mwaka 1357 William alipewa usharika wa Pulham katika Norfolk, naye hakuwa bado kasisi. Daraja hilo alilipata mwaka 1362. Mwaka 1366, wakati Papa Urban V alipowataka wenye vyeo vingi waandikishe vyote walivyokuwa navyo, orodha yake ilionyesha ushemasi mkuu wa Lincoln pamoja na nafasi kumi na moja za ukanoni, zenye mapato ya zaidi ya pauni 800 kwa mwaka. Ili msomaji apate kipimo, na tukumbuke kwamba katika miaka iliyoifuata Tauni Kuu ya 1348-1349 kasisi msaidizi wa usharika alikatazwa kudai zaidi ya marki sita kwa mwaka, yaani pauni nne. Mtu mmoja alipokea posho ya makasisi mia mbili.

Mwezi Oktoba 1367 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Winchester, na mwaka huo huo akawa Chansela wa Uingereza. Alishika ukansela hadi mwaka 1371, na mara ya pili tangu 1389 hadi 1391. Mwaka 1379 alianzisha New College huko Oxford kwa mkuu mmoja na wanafunzi sabini, na mwaka 1382 shule ya Winchester ya kuwaandaa vijana wengine sabini. Sababu aliyoitaja ilikuwa ya kichungaji: tauni ilikuwa imewafyeka makasisi, na kanisa lilihitaji wengine wenye elimu. Hiyo ndiyo sifa yake, na hatuna nia ya kumpunguzia. Lakini sifa haiondoi swali letu, bali inalifanya kuwa zito zaidi.

2. Nasaba yenye bei

Katika kanuni za vyuo vyake Wykeham aliagiza kwamba watu wa damu yake wapewe nafasi ya kwanza. Kijana wa ukoo wa mwanzilishi aliweza kubaki katika shule ya Winchester hadi umri wa miaka ishirini na mitano, hali wenzake walipaswa kuondoka mapema zaidi. Na alipofika New College alihesabiwa kuwa mwanachuo kamili mara moja, bila miaka miwili ya kujaribiwa. Tangu siku hiyo nasaba ya Wykeham ikawa na bei. Mtu aliyeweza kuonyesha kwamba bibi wa bibi yake alitoka katika nyumba ile, aliwapatia wanawe malezi, chakula, elimu na mara nyingi usharika wa kuhudumia.

Hapa twapata kanuni ya kwanza ya uhakiki wetu. Hati ya ukoo isisomwe kabla ya kuuliza ilitungwa kwa ajili ya nani. Nyingi za orodha za kizazi cha Wykeham zilizotufikia hazikuandikwa na watu waliotaka kujua habari za zamani. Ziliandikwa na wazazi waliotaka nafasi ya shule. Hatusemi kwamba ni za uongo. Twasema kwamba ni ushahidi wa mdai, nao hupimwa kama ushahidi wa mdai.

Mfano ulio wazi ni ushindani wa karne ya 16, chini ya Malkia Elizabeth I. Upande mmoja alisimama Sir Richard Fiennes wa Broughton, upande wa pili Humphrey Wykeham wa Swalcliffe. Broughton na Swalcliffe ni majirani, karibu na mji wa Banbury katika Oxfordshire. Fiennes hakuwa na jina la askofu, lakini alikuwa na nyumba ya askofu pamoja na hati za vizazi vilivyoipokea. Humphrey alikuwa na jina la askofu, na ukoo wake ulikuwa umekaa Swalcliffe tangu zamani, kabla askofu hajazaliwa. Ni yupi aliyekuwa wa damu ya mwanzilishi?

Jina linavuta macho, na ndilo linalopotosha. Wickham au Wykeham ni jina la mahali, tena si mahali pamoja. Vijiji vya jina hilo vimo katika sehemu kadhaa za Uingereza, kwa kuwa linatokana na maneno ya kale yaliyoeleza makazi karibu na kijiji cha nyakati za Warumi. Karani wa karne ya 14 aliitwa kwa kijiji alichotoka, kama vile twasema Petro wa Machame au Yohana wa Makumira. Watu wawili wenye jina la namna hiyo wanaweza kuwa ndugu, na wanaweza kuwa hawakuwahi kuonana. Kijiji cha askofu kiko Hampshire, safari ya siku kadhaa kwa farasi kutoka Swalcliffe. Kufanana kwa jina peke yake hakuwezi kuujaza umbali huo.

3. Robert Lowth na kitabu cha mwaka 1758

Wanafunzi wa Agano la Kale wanalijua jina la Robert Lowth kwa sababu ya mihadhara yake juu ya ushairi mtakatifu wa Waebrania, iliyochapwa mwaka 1753, ambamo alieleza jinsi mistari ya Zaburi na ya manabii inavyokwenda kwa jozi sambamba. Wachache wanafahamu kwamba miaka mitano baadaye, mwaka 1758, mtu huyo huyo alitoa kitabu cha maisha ya William wa Wykeham. Katika jina lenyewe la kitabu alitangaza kwamba habari zake zimekusanywa kutoka kumbukumbu, madaftari ya kiaskofu, miswada na ushahidi mwingine wa kuaminika.

Kazi hiyo yastahili heshima. Mwandishi aliyeyafikia maneno ya Isaya kwa kuuliza kwanza yameandikwaje, aliyafikia maisha ya askofu kwa njia ile ile. Alirudi kwenye hati. Waliomfuata walijenga juu ya msingi huo: Moberly aliyeandika maisha ya Wykeham mwaka 1887, Kirby aliyechapisha daftari la kiaskofu la Wykeham katika miaka ya 1896 na 1899, na mwanahistoria Virginia Davis ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2007.

Hata hivyo Lowth alikuwa mwana wa nyumba. Alisoma Winchester, akasoma New College, na kitabu chake alikiweka wakfu kwa Benjamin Hoadly, Askofu wa Winchester wa wakati huo, ambaye kwa cheo chake alikuwa mkaguzi wa vyuo hivyo. Mwana wa nyumba anazijua kabati zote, na hiyo ni faida kubwa. Lakini mwana wa nyumba pia huanza na shukrani, na shukrani ina maswali isiyoyauliza. Inauliza mwanzilishi alitoa nini. Si rahisi iulize fedha za kutoa zilitoka wapi. Hiyo ni kanuni ya pili: mapenzi ya mwandishi kwa mtu wake hayaharibu ushahidi aliouleta, ila yanatuonyesha mahali ambapo hatuna budi kutafuta wenyewe.

4. Mjomba na wajukuu wa dada yake

Sasa tuutazame ukoo. Askofu hakuoa, kwa sheria ya kanisa la Magharibi. Dada yake Agnes aliolewa na William Champneys. Binti yao Alice aliolewa na William Perrot. Alice na Perrot walizaa wana, William, John na Thomas, ambao waliliacha jina la baba yao wakajiita Wykeham. Thomas ndiye aliyekuwa mrithi wa askofu.

Wachunguzi wa Kiingereza waliozoea kufuata jina kutoka baba kwenda mwana walitatizwa na mlolongo huu, kwa sababu umepitia kwa wanawake wawili na mwishoni umevaa jina lisilokuwa lake. Msomaji wa Kiswahili anaona upesi zaidi, kwa kuwa lugha yake yenyewe inatofautisha. Alice alikuwa mpwa wa askofu, na askofu alikuwa mjomba wake. Msomaji aliyezaliwa Uluguru, au kwa Wamakonde, au kwa Wayao, hatashangaa hata kidogo kusikia kwamba mali ya mjomba imeshuka kwa uzao wa dada yake. Atashangaa tu kwamba kulikuwa na haja ya kubadili jina. Lakini katika Uingereza ya karne ya 14 haja ilikuwapo. Jina la Perrot lingeonyesha kwamba nyumba ya askofu imekoma naye. Jina la Wykeham lilionyesha kwamba askofu asiye na mwana ameacha nyumba.

Hapo ndipo jambo la kiroho linapoanza. Neno la Kilatini nepos, ambalo lilitumika kwa mjukuu na kwa mpwa pia, ndilo lililozipa lugha za Ulaya jina la dhambi ya kuwapendelea ndugu kwa vyeo na mali za kanisa. Sheria ya useja ilikusudiwa, pamoja na mambo mengine, kuzuia mali ya kanisa isigeuke kuwa urithi wa watoto wa makasisi. Mto uliozibwa mahali pamoja ulipata njia mahali pengine.

Ni haki kuongeza kwamba askofu hakuwasahau wazazi wake waliokuwa wadogo. Walizikwa katika kanisa la watawa wa Southwick, si mbali na Wickham, naye aliweka huko ibada za kuwaombea. Katika vyuo vyake pia majina ya John na Sybil yalitajwa katika sala. Sisi Walutheri hatukubaliani na fundisho la misa kwa ajili ya wafu, lakini twaweza kuona ndani yake mtu aliyepanda juu sana bila kulificha kaburi la baba yake. Watawa wa Southwick waliondolewa mwaka 1538 wakati wa Mfalme Henry VIII, na ibada hizo zikakoma. Nyumba ya mrithi ilidumu kuliko maombi ya wazazi.

5. Mifuko mitatu ya ardhi

Mtu anayesoma kwamba Wykeham alikuwa na ardhi nyingi hajajifunza kitu mpaka aulize ni ardhi ya namna gani. Kulikuwa na mifuko mitatu, na kosa kubwa la wasimulizi wengi ni kuichanganya.

Mfuko wa kwanza ulikuwa ardhi ya uaskofu wenyewe. Winchester ilikuwa dayosisi tajiri kuliko zote za Uingereza kwa ardhi: katika makadirio ya kodi ya mwaka 1291 mapato ya askofu yaliwekwa karibu pauni 3000. Milki zake zilikuwa kama sitini, kila moja ikiwa na mashamba ya bwana, mashamba ya wakulima waliomtumikia, na baraza lake la hukumu. Taunton, Farnham, Witney, Downton, Highclere, East Meon na Bishop's Waltham zilikuwa miongoni mwake. Ardhi hii haikuwa ya William. Aliishika kwa kuwa yeye ni askofu, na alipofariki huko Bishop's Waltham tarehe 27 Septemba 1404, haikwenda kwa Thomas hata kipande, bali ilirudi mkononi mwa mfalme mpaka askofu mwingine apatikane.

Mfuko wa pili ulikuwa ardhi aliyoinunua kwa ajili ya nyumba yake. Mfano mkubwa ni Broughton, aliyoinunua mwaka 1377. Hii aliweza kuirithisha, naye aliirithisha. Mwaka 1406, miaka miwili tu baada ya kifo cha askofu, Sir Thomas Wykeham alipata kibali cha mfalme cha kuizungushia nyumba hiyo kuta za ngome. Mjukuu wake Margaret aliolewa na William Fiennes, Bwana wa pili wa Saye na Sele, na mwaka 1451 Broughton ikaingia katika ukoo huo, ambao unaishikilia hata sasa.

Mfuko wa tatu ulikuwa ardhi aliyoinunua ili aitoe. Sheria ya mwaka 1279 ilikataza ardhi kuingia mikononi mwa kanisa bila kibali cha mfalme. Waliuita mkono wa kanisa mkono mfu: mtu hufa na mfalme au bwana hupata haki zake za urithi, lakini kanisa halifi, na linachokishika halikiachi. Mwaka 1391 sheria nyingine iliziba njia ya kuwatumia watu wa kuaminiwa washike ardhi kwa niaba ya kanisa. Wykeham, aliyekuwa Chansela hadi mwaka huo, aliijua sheria vizuri na alitafuta vibali. Vita na Ufaransa vilikuwa vimezifanya mali za watawa wa ng'ambo zilizokuwa Uingereza zisiwafae wenyewe, kwa kuwa mfalme alikuwa amezikamata. Kwa ajili ya New College alinunua Hornchurch katika Essex, iliyokuwa mali ya nyumba ya wageni ya watawa wa mlima St Bernard katika Alpi, na Takeley iliyokuwa ya monasteri ya St Valery. Kwa ajili ya shule ya Winchester alinunua Hamble na Andwell, zilizokuwa za watawa wa Tiron.

Tukiitazama mifuko hii katika hati, sifa moja yamstahili: aliitenganisha. Hakumpa mjukuu wa dada yake milki ya dayosisi, na ardhi aliyoitoa kwa vyuo ilibaki ya vyuo. Lakini tukiitazama kwa jicho la theolojia, swali lingine linabaki. Mtoto wa John na Sybil hakurithi fedha za kununulia ngome. Mapato ya ukanoni, ya ushemasi mkuu na ya uaskofu, pamoja na faida za utumishi wa mfalme, ndiyo yaliyoijaza mifuko yote. Mifuko ilikuwa mitatu; chemchemi ilikuwa karibu moja. Sheria inaangalia mifuko. Injili inauliza habari za chemchemi.

6. Jaribio la mwaka 1376

Tofauti ya mifuko hii ilijaribiwa wakati askofu akiwa hai. Katika Bunge la mwaka 1376 Wykeham alisimama pamoja na wale walioshitaki ufisadi wa watu wa ikulu. John wa Gaunt, mwana wa mfalme, hakulisahau jambo hilo. Mwezi Novemba mwaka huo askofu alishitakiwa kwa makosa ya wakati wa ukansela wake, ardhi yote ya uaskofu ikakamatwa, naye akakatazwa kulikaribia baraza la mfalme kwa umbali wa maili ishirini. Alirudishiwa ardhi mwezi Juni 1377, siku chache kabla ya kifo cha Edward III.

Katika miaka hiyo hiyo John Wyclif alikuwa akifundisha kwamba watawala wa dunia wana haki ya kuwanyang'anya mali makasisi wasiostahili, na John wa Gaunt alimlinda. Msomaji wa Kiprotestanti, aliyezoea kumwita Wyclif nyota ya asubuhi ya Matengenezo, huvutwa kuwa upande wake papo hapo. Twashauri asubiri. Hoja ya Wyclif juu ya utajiri wa maaskofu ilikuwa na nguvu, na mtu mwenye nafasi kumi na mbili za kanisa hakuwa na jibu jepesi. Lakini ardhi iliyochukuliwa kwa Wykeham haikupewa maskini wa Hampshire. Ilipewa mjukuu wa mfalme, kijana Richard, mrithi wa kiti. Mali ya kanisa iliyoondolewa kwa hoja ya ufukara wa Kristo iliishia katika nyumba ya kifalme. Jambo hilo lilirudiwa katika karne ya 16, nchini Uingereza na katika nchi za Kilutheri pia, ambako si mara zote mashamba ya monasteri yalikwenda kwa shule na maskini kama Luther alivyotaka.

Mwaka wa kurudishiwa ardhi ndio mwaka wa kununua Broughton. Inavuta kusema kwamba askofu alijifunza katika dhiki yake kuwa ardhi ya cheo si nyumba, akaamua kuwatafutia ndugu zake nyumba isiyokamatika. Inawezekana. Lakini mambo mawili kutokea katika mwaka mmoja si ushahidi kwamba moja limezaa lingine, na mhakiki mwaminifu huliacha jambo hilo mahali pa yanayowezekana.

7. Wale ambao nasaba yao haikutafutwa

Tumekwisha kuwasikia akina Fiennes, akina Wykeham wa Swalcliffe, na wazazi wenye kutafuta nafasi za shule. Kuna kundi la nne ambalo hawa wote waliliruka, nalo limo katika hati bora kuliko zote za habari hizi.

Maaskofu wa Winchester waliweka hesabu za milki zao kwa Kilatini, juu ya ngozi zilizokunjwa mfano wa bomba, tangu mwaka wa hesabu 1208-1209 hadi mwaka 1711, kwa mapengo machache. Tangu mwaka 1959 hati hizo zimehifadhiwa katika nyumba ya kumbukumbu ya Hampshire. Kila milki ina ukurasa wake: nafaka iliyovunwa, kondoo waliokufa, ujira wa mafundi, na malipo ya wakulima. Miongoni mwa malipo hayo lilikuwapo moja lililotozwa mkulima alipofariki. Bwana wa ardhi, yaani askofu, alichukua mnyama wake aliye bora. Aliyekuwa hana mnyama, familia yake ilitoa fedha.

Mwaka 1959 wanahistoria Postan na Titow walichapisha uchunguzi wa malipo hayo. Waliyahesabu mwaka kwa mwaka, wakaona kwamba nafaka ilipopanda bei, malipo ya vifo yaliongezeka, na hasa yale ya fedha, yaani ya watu wasiokuwa na ng'ombe. Njaa ilionekana katika daftari la mapato ya askofu. Na katika hesabu za wakati wa Tauni Kuu malipo hayo yalifurika, milki baada ya milki.

Hayo ya tauni yalitangulia uaskofu wa Wykeham kwa miaka kama kumi na minane, wala hakuyaanzisha yeye. Lakini desturi ilikuwa ile ile wakati wake, na mapato yaliyojenga vyuo kwa ajili ya kuziba pengo la makasisi waliokufa yalitoka pia kwa wajane wa wakulima waliokufa. Nathani alimweleza Daudi habari za tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa maskini ambaye alikuwa naye huyo tu (2 Sam. 12:1-4). Karani wa milki hakumwona Nathani akija. Aliandika mnyama, bei, na jina la marehemu. Kwa ukoo wa askofu kuna orodha za kizazi zilizochorwa kwa uangalifu; ukoo wa mkulima wa East Meon unaonekana mara moja, kwa mstari mmoja, siku ng'ombe wake alipotolewa zizini.

Hii ndiyo kanuni ya tatu, nasi twaiona kuwa kubwa kuliko mbili za kwanza. Uchunguzi wa ardhi ya askofu usioishia kwa watu waliolima ardhi hiyo haujakamilika, hata kama kila hati ya ununuzi imepatikana.

Hitimisho

Upendeleo wa ukoo wa mwanzilishi ulifika mwisho katikati ya karne ya 19, baada ya sheria ya Bunge ya mwaka 1854 juu ya Chuo Kikuu cha Oxford. Uliishi zaidi ya miaka mia nne na hamsini. Mtu aliyeanzisha vyuo kwa ajili ya vijana maskini wenye akili aliweka pia mlango wa pembeni kwa ajili ya damu yake, na kwa vizazi vingi mlango wa pembeni ulizuia watu kwenye mlango wa mbele. Upendo kwa ndugu si dhambi; Paulo anasema asiyewatunza walio wake ameikana imani (1 Tim. 5:8). Dhambi huanza wakati utunzaji huo unapoandikwa kuwa kanuni ya kitu ambacho si chetu.

Tusidhani kwamba Matengenezo yaliondoa swali hili. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, lilitenga uwezo wa kiroho wa askofu na mamlaka ya kidunia, likafundisha kwamba maaskofu wenye mamlaka hayo ya pili wanayo kwa sheria ya wanadamu, si kwa Injili. Tengo hilo ni jema. Lakini tulipoondoa useja hatukuondoa ukoo, bali tuliuleta ndani ya nyumba ya mchungaji. Luther mwenyewe alipewa jengo la watawa la Wittenberg mwaka 1532, alipata shamba la Zülsdorf mwaka 1540, na mwaka 1542 aliandika wosia wa kumtunza Katharina. Hakuna aibu katika hilo, kwa kuwa alieleza wazi kilichokuwa chake na kwa nini anakiacha. Katika Kanisa letu mali hushikwa kwa jina la wadhamini walioandikishwa, na mpango huo ni wa busara. Hata hivyo karatasi inatenganisha mifuko tu, kama ilivyofanya kwa Wykeham. Chemchemi inabaki kuwa kazi ya dhamiri, ya mikutano inayouliza maswali, na ya vitabu vya hesabu vinavyofunguliwa.

Kwa wanafunzi wetu wanaoandika historia za sharika na za wachungaji wa kwanza, twapendekeza wasianze na jina kubwa wala wasiishie kwa kiwanja. Waulize hati iliandikwa kwa faida ya nani. Watofautishe cha cheo, cha mtu na cha sadaka. Kisha watafute waliolima, waliobeba mawe, na waliotoa kuku na ndizi siku ya mavuno, ambao majina yao mara nyingi yamo katika vitabu vya ubatizo na hayamo katika hotuba za jubilei.

Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli yote akawataka wamshuhudie kama aliwahi kutwaa ng'ombe au punda wa mtu ye yote, nao wakakiri kwamba hakutwaa (1 Sam. 12:3-4). Kitabu hicho hicho kimesema habari za wanawe, waliopokea rushwa (1 Sam. 8:3). Mwandishi mtakatifu hakuificha habari moja kwa ajili ya kuilinda nyingine. Aliandika ushuhuda wa ng'ombe, na aliandika habari za wana. Historia ya askofu ye yote, wa Winchester au wa kwetu, na iandikwe hivyo.